Fungua Tu, Ivelisse

Furaha ya wakubwa ni lazima ipigwe picha. Timu mbili za mji mmoja, Yankees wa kwetu Bronx na Mets wa kule Queens, watani wa jadi, zilikuwa zimefika fainali ya besiboli, ile inayochezwa hadi michezo saba, na New York nzima ilikuwa imerukwa na akili. Basi wakubwa wa reli wakaona nao wasipitwe. Wakachukua treni mbili, moja ya njia ya Bronx na moja ya njia ya Queens, wakazibandika mapambo kuanzia kichwani hadi mkiani: nembo, bendera, mistari ya buluu, mpaka viti vya ndani. Mwaka mzima sisi wafanyakazi tulikuwa tumelia kwamba redio za kazini hazisikiki. Tukaambiwa fedha hakuna. Za mapambo zilipatikana kwa siku tatu.

Aliyepangwa kuwa kondakta wa treni ya Bronx siku ya uzinduzi, Ijumaa asubuhi, ni Ivelisse Carrasquillo. Ilikuwa zamu yake tu, hakuiomba.

"Mke wangu anaingia gari la adui," alisema mumewe, Faustino, akimmiminia kahawa. Faustino alizaliwa Queens, na miaka kumi na minane ya ndoa Bronx haijamvua kofia yake ya Mets. "Ukifika kituoni usifungue milango. Wafungie humohumo mpaka fainali iishe."

"Wewe cheka tu. Wiki ijayo utalilia mto wangu."

"Mami, utatokea kwenye televisheni," alisema binti yao, Yaritza, wa miaka kumi na sita. "Paka basi hata rangi ya mdomo."

"Nikipaka rangi ya mdomo, hao abiria watajua kituo kimefika?"

Wakacheka. Kisha Faustino akaacha kucheka, akamtengeneza mkewe kola ya sare. "Siku tisa, Ive."

"Najua, Tino. Siku tisa."

Ivelisse alifagia mabehewa miaka kumi na miwili. Alizoa matapishi, magazeti, sindano, na kila kitu ambacho binadamu hukiacha nyuma akidhani hakuna anayemwona. Akasoma kwenye meza hiyohiyo ya jikoni, akafanya mtihani wa ukondakta mara mbili, mara ya pili akapita. Lakini kondakta mpya huwekwa mwaka mmoja wa matazamio. Katika mwaka huo ukikosea unarudishwa ufagioni au unatupwa nje, bila kusikilizwa, na chama cha wafanyakazi hakina la kusema. Ukishaumaliza huo mwaka, kazi ni yako, na atakayetaka kukutoa atoe jasho kwanza. Ivelisse alikuwa amebakiza siku tisa.

&nbsp;

Kondakta wetu hukaa katikati ya treni, kwenye kijichumba chenye dirisha. Treni ikisimama, anatoa kichwa na kuunyooshea kidole ubao wa mistari myeusi na myeupe unaoning'inia jukwaani. Ubao ukiwa mbele ya uso wake, maana yake treni yote imeingia kituoni, na hapo anafungua. Usipokuwa mbele yake, hafungui, hata kama anayemwamuru ni mama yake mzazi. Abiria wanatucheka kwa kunyoosha kidole kila kituo. Wacheke. Kidole hicho ndicho kinachowafikisha kwao na miguu yote miwili.

Asubuhi ile kituo cha reli ya juu kilijaa bendi, kamera na watu wenye suti. Ofisa uhusiano, Bwana Pruitt, alikuwa amefunga kitambaa chekundu kwenye mlingoti wa jukwaa na kumwagiza dereva asimame hapohapo, ili kichwa cha treni kilichopambwa kipate jua zuri. Dereva akasimama kwenye kitambaa. Ivelisse akatoa kichwa dirishani, akanyanyua kidole, na kidole kikakosa pa kuelekea. Ubao ulikuwa mbele huko, hatua kama nane. Kwa hiyo mkia wa treni ulikuwa bado nje ya kituo, juu ya reli tupu.

Hakufungua.

"Kuna nini?" Pruitt alikuja mbio, tabasamu limemganda usoni. "Fungua, mama! Tuko hewani!"

"Treni haijafika, bwana. Sioni ubao. Mwambie dereva asogee."

"Akisogea picha inaharibika! Fungua!"

Ivelisse akashika redio, akamwita msimamizi wake, Tedesco, aliyekuwa amesimama mwisho wa jukwaa kando ya bendi. Tedesco ana miaka ishirini na sita kwenye reli. Ubao anaujua kuliko anavyowajua wanawe.

"Bwana Tedesco, mkia uko nje. Naomba dereva asogee."

Redio ikakoroma. Tarumbeta zikalia. Kisha sauti ya Tedesco: "Fungua tu, Ivelisse. Hatua mbili tatu hazimuui mtu. Wakubwa wanasubiri."

"Umesema nifungue?"

"Nimesema fungua!"

Pruitt akaudaka mkono wake uliokuwa dirishani, akauinua juu kama wa bondia aliyeshinda, akageukia kamera. Taa zikamulika. Kwa mkono wa pili Ivelisse akafungua milango.

Kwenye behewa la mwisho alikuwemo mzee mmoja wa Queens, Morris Adelman, miaka sabini na minne, kofia ya Mets kichwani, amepanda treni ya adui makusudi aje kutamba. Njia nzima alikuwa akiwarushia watu maneno nao wakimrudishia. Mlango ulipofunguka alipunga kofia, akapiga hatua na mguu haukukuta kitu. Akaanguka kando ya reli, akavunjika nyonga. Na watu walicheka. Walidhani Mets anafanya vichekesho. Dakika nzima mzee wa watu analia pale chini na watu wanacheka, mpaka mwanamke mmoja alipopiga ukelele.

Bendi ilikuwa ya mwisho kunyamaza.

&nbsp;

Jumamosi gazeti lilitoka na picha ya Ivelisse, mkono juu, Pruitt kando yake meno nje. Habari ya mzee ilikuwa mistari minne, ukurasa wa thelathini na moja. Don Chago, mwenye duka la chini ya nyumba yao, akaikata picha na kuibandika mlangoni kwake.

"Malkia wa Bronx!" akampigia kelele. "Leo maziwa ni bure!"

"Itoe, Don Chago."

"Nitoe? Wewe una wazimu? Mtaa mzima umejaa fahari!"

Angemweleza nini? Alipanda ngazi bila maziwa. Juu alimkuta Faustino ameshika simu, uso umemwiva. Watu wa reli wamepiga: Ivelisse asiende kazini, na Jumatatu saa nne afike ofisi ya nidhamu.

&nbsp;

Ofisi ya nidhamu ilikuwa ya Bi Halloran, mama mpole mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, na hao ndio wabaya. Juu ya meza yake ilikuwepo picha ileile ya gazeti.

"Umependeza," alisema. "Huu mkono wako, Bi Carrasquillo, unanyooshea ubao?"

"Umeshikwa na Bwana Pruitt."

"Mimi nauliza kama unanyooshea ubao."

"Hapana."

"Na milango imefunguliwa?"

"Nilimwambia msimamizi kwamba ubao hauonekani. Akaniamuru kwenye redio. Mara mbili."

Bi Halloran akafunua faili taratibu. "Bwana Tedesco anasema hakutoa amri yoyote. Rekodi ya redio ya dakika zile imejaa tarumbeta. Hakuna kinachosikika." Akasukuma karatasi mbele. Ilikuwa imeshapigwa chapa tayari: mimi, kwa uzembe wangu mwenyewe, bila kuamriwa na yeyote, nilifungua milango treni ikiwa nje ya kituo. "Tunakuthamini. Ukisaini, unarudi kwenye usafi, na miaka yako kumi na miwili iko palepale. Usiposaini, uko kwenye matazamio, hatulazimiki hata kukupa sababu. Nakupa mpaka Alhamisi."

"Na Bwana Tedesco?"

"Bwana Tedesco si ajenda ya leo."

Nje, Ivelisse alimpigia simu mtu wa chama. Yule akapumua kwa muda mrefu. "Dada yangu," akasema, "ungekuwa umemaliza hizo siku tisa ningewararua. Sasa hivi sina meno."

&nbsp;

"Saini," alisema Faustino.

Wali wa mbaazi ulikuwa mezani unapoa. Kwa dirisha la jirani televisheni ilikuwa ikirudia mchezo wa Jumapili, na watu wakishangilia pointi za jana kana kwamba ni za leo.

"Hujaisoma hata hiyo karatasi, Tino."

"Ya kuisomea nini? Kiwandani kwetu wametupunguzia kazi hadi siku tatu kwa wiki. Kadi ya matibabu ya nyumba hii ni yako. Ukitoka getini tunatoka wote."

"Papi, hiyo karatasi ni ya uongo," Yaritza akadakia. "Inasema hakuamriwa! Mami, usisaini. Wakikutoa, nitaacha shule nifanye kazi kwa Don Chago."

"Wewe nyamaza! Mtu kaulizwa shule hapa?"

"Sinyamazi! Yule mwanaume ndiye aliyesema afungue!"

"Na atasema tena?" Faustino akapiga meza, sahani zikaruka. "Atakwenda pale aseme 'ni mimi'? Mzungumzie mtu anayeishi duniani, Yari! Hao watu hawapotezi. Wamezaliwa hawapotezi!"

Hasira yake haikuwa ya mkewe, na wote watatu walijua, lakini ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia. Ivelisse akainuka, akafunika wali.

"Kabla sijasaini kwamba nimemwangusha mtu," akasema, "angalau nikamwone huyo mtu."

&nbsp;

Alikwenda hospitalini Jumanne mchana na mfuko wa machungwa. Mzee Adelman alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa, redio ndogo sikioni.

"Usimame hapo," alisema. "Mimi uso wako naujua. Wewe ndiye wa gazetini."

"Mimi ndiye niliyefungua milango, mzee. Nimekuja kukupa pole, na ukitaka kunitukana, nitukane."

Mzee akaitoa redio sikioni. "Gazetini umekasirika. Watu wote wanacheka, wewe umekasirika. Nikamwambia nesi, huyu mwanamke kuna jambo analijua." Akaonyesha kiti. "Kaa. Lisogeze hilo koti. Ukitaka litupe."

Kwenye kiti lilikuwepo koti jipya la Yankees, bado lina karatasi ya dukani.

"Waliniletea," mzee akasema. "Mimi! Koti la Yankees! Jamaa mmoja wa meno mengi, na mwanasheria wake. Angeleta la Mets ningemwita mwanangu. Wakaniambia bili yote ya hospitali wataibeba wao, nyonga mpya, mazoezi ya kutembea, kila kitu. Nisaini tu."

"Usaini nini, mzee?"

Akafungua droo ya kitandani, akatoa nakala. Ivelisse akaisoma amesimama. Treni ilikuwa imesimama mahali pake sahihi. Milango ilifunguliwa kwa kufuata kanuni. Mimi, kwa uzembe wangu mwenyewe, niliteleza.

Maneno yaleyale. Kwa uzembe wangu mwenyewe. Hata hawakujisumbua kutafuta mengine.

"Mimi nina miaka sabini na minne na sijawahi kuteleza hata kwenye barafu," alisema Adelman. "Lakini nilikuwa na maumivu, binti yangu, na sina mtu. Nimesaini. Wewe wamekuletea nini?"

Akamwambia. Mzee akatukana, tusi refu la Queens la zamani, nesi akachungulia.

"Wapumbavu," akasema. "Kwako treni ilikuwa nje, kwangu ilikuwa ndani. Chukua hiyo nakala. Chukua! Waulize ilikuwa wapi."

Usiku ule Mets walishinda mchezo wa tatu, na Faustino hakupiga hata kofi moja. Alikuwa amekaa na karatasi ya mzee mapajani, anaisoma mara ya tano. "Mwanamke," akasema hatimaye, "umewashika. Leo umewashika."

&nbsp;

Alhamisi Ivelisse alivaa sare yake kamili, akaenda. Akaweka karatasi mbili juu ya meza ya Bi Halloran, ubavu kwa ubavu.

"Hii inasema treni ilikuwa mahali pake na mzee aliteleza. Hii inasema treni haikuwa mahali pake na mimi nilifungua. Chagua moja, mama. Ikiwa ya mzee ni kweli, mimi sina kosa. Ikiwa yangu ni kweli, mzee mmemdanganya akiwa na dawa kichwani."

Bi Halloran alizisoma zote mbili. Hakushtuka. Mama yule alivua miwani, akaifuta.

"Hii ni ya mahakama," akasema, akigusa ya mzee. "Hii ni ya ajira. Zinakaa kwenye makabati tofauti, ghorofa tofauti. Hazijawahi kukutana, na hazitakutana."

"Zimekutana hapa."

"Zimekutana kwa sababu Bwana Adelman amekupa hati ambayo ameahidi kwa saini yake kutomwonyesha mtu. Ukitoka nayo nje, ukaipeleka gazetini au popote, makubaliano yake yamevunjika. Bili inarudi kwake. Upasuaji ni wiki ijayo, sivyo?" Sauti ileile ya chekechea. "Uamuzi ni wako, Bi Carrasquillo. Mimi sikulazimishi."

Ivelisse alisimama pale. Alifikiri juu ya gazeti. Alifikiri juu ya mzee anayeambiwa ashuke kitandani. Alimtazama mama huyu, kucha zake safi, picha ya wajukuu wake mezani, na alitamani kuipindua meza ile, wajukuu na yote.

"Mna roho gani nyinyi?" akauliza. "Hebu niambie. Mkilala, mnalala?"

"Kalamu hii hapa."

Akaichana nakala ya mzee vipande vinne, akaviweka mfukoni mwake mwenyewe, asimwachie hata kipande. Kisha akasaini. Alisaini kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi.

&nbsp;

Yankees walitwaa ubingwa usiku huohuo, na Jumatatu mji ukafanya maandamano ya ushindi. Kutoka nyumbani kwa Carrasquillo hakwenda mtu. Faustino alikuwa amesema "umefanya vizuri", kisha akaenda kuoga na kufungua maji kwa muda mrefu sana.

Yaritza alimsubiri mama yake jikoni.

"Kwa hiyo imeandikwa kwamba ni wewe."

"Imeandikwa."

"Na miaka hamsini ijayo mtu akifungua hilo faili, atasoma ni wewe."

"Atasoma ni mimi."

"Na wewe umekubali?"

"Sijakubali, Yari. Nimesaini. Ukikua utaona kuna tofauti." Akasita. "Na Mungu akusaidie usije ukaiona."

Yaritza alichukua pasi, akatandika shuka mezani, akaanza kuinyoosha ovaroli ya mama yake ya usafi, ile ya zamani, iliyokaa kabatini mwaka mzima.

&nbsp;

Jumatano ya kwanza ya Novemba, siku tatu baada ya ile siku ambayo kazi ingekuwa yake, Ivelisse Carrasquillo aliripoti kituo cha mwisho cha njia ya Bronx saa kumi na mbili asubuhi. Wenzake wa zamani walimkumbatia kimya. Wakampa behewa la tatu. Mapambo yalikuwa yamekwishaanza kubanduka kwenye viti, na mtu alikuwa amemwaga soda juu yake.

Tedesco aliingia kwa mlango wa katikati, glasi ya karatasi ya kahawa mkononi, akakaa mwisho wa behewa kusubiri treni igeuke. Alimwona, akatazama dirishani, akamtazama tena. Angeweza kuhamia behewa jingine. Nadhani alitaka kusamehewa. Watu wa namna ile hupenda kusamehewa mapema, kabla kahawa haijapoa.

"Karibu tena, Ivelisse," akasema. "Unajua na mimi nina familia. Mwaka mmoja na nusu nastaafu." Akangoja. Ufagio ukaendelea kuja. "Hakuna kinyongo, au vipi?"

Ivelisse akafika alipo, akasimamisha ufagio mbele ya viatu vyake.

"Kinyongo kipo, Bwana Tedesco," akasema. "Nitakuwa nacho kila siku utakayopanda hapa. Nyanyua miguu, nafagia."

Akanyanyua miguu.